Hatua Hamsini Kuanzia Barabarani

Mtu akiniuliza siku hizi nafanya kazi gani, namwambia nasoma vipengele vya bei. Ndoto zile za ujana, za kusimama mbele ya majaji na kutetea wanyonge, zilipukutika taratibu kwenye foleni za masjala na kesi zinazoahirishwa kwa sababu hakimu yuko semina. Kilichobaki ni hiki: mtu anapanda ngazi za ofisi yangu pale mjini, Daraja Mbili, anahema, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kusema, "Wakili, hebu nisomee hapa kwenye bei. Hapa walimaanisha nini?" Mara nyingi aliyeandika hakumaanisha chochote. Aliandika ili watu wasaini, wanywe soda, waondoke.

Nimeshasoma vya kila aina. Kuna mkataba uliosema "milioni tisa pamoja na kahawa", na msimu wa kuchuma ulipofika mnunuzi na muuzaji wakakutana kwenye mibuni ileile, kila mmoja na ndoo yake. Kuna mwingine wa kutoka upande wa magharibi ya mlima, kwa wafugaji: "ng'ombe sita wakubwa au thamani yake". Thamani ya lini, ya siku ya kusaini au ya siku ya kulipa? Ndugu wawili wa tumbo moja waliacha kuzikana kwa swali hilo. Na kuna kile kinachonimaliza kabisa, "salio atamalizia akipata". Akipata lini? Asipopata je? Ukiuliza hivyo wakati wa kuandikishana, watu wanakutazama kama umeleta uchuro harusini, maana siku ya kununua ardhi kila mtu ni ndugu, na hakuna anayetaka kuonekana hamwamini mwenzake.

Nimechoka navyo, nisiseme uongo. Lakini ninachotaka kukieleza hapa si kipengele cha mtu mwingine. Nilikiandika mimi mwenyewe, kwa kompyuta yangu, nikakigongea muhuri wangu.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu kama angekuwa hai, aliteremka kutoka mlimani, juu ya Tengeru, akiwa na mnunuzi wake. Binti yake wa mwisho alikuwa amelazwa. Alikuwa amevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, madaktari walitaka kumwekea chuma, na chuma kilitaka hela kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo mama alikuwa ameamua kuuza kipande cha chini cha shamba lake, kile kinachogusa barabara. Mnunuzi alikuwa mtu wa makamo, muuza spea za matrekta, mpangaji wa Elerai aliyechoshwa na vumbi na wenye nyumba, na alitaka kujenga mahali penye migomba na ubaridi. Hela alikuwa nayo na maneno yake yalikuwa machache. Nilimpenda.

Nilimwamkia mama, akaitikia, nikamuuliza kipande kina ukubwa gani.

"Ni kuanzia barabarani mpaka kwenye masale," akasema. "Hatua hamsini. Nilizikanyaga mwenyewe jana."

Upana haukuwa na shida, ulikuwa upana wote wa shamba, kutoka mfereji hadi mfereji. Kuhusu bei walishakubaliana wenyewe, laki nne kwa hatua. Basi nikaandika: "Bei ni shilingi laki nne kwa kila hatua, kwa hatua hamsini kuanzia barabarani kwenda juu, jumla shilingi milioni ishirini." Masale nikayaacha. Asiye wa huku aelewe kwamba masale ndiyo mpaka wetu wa kale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwa mstari, na anayeung'oa anajitafutia laana. Lakini mimi nilijiona mjanja. Nilishaona masale yaliyokauka, na masale yaliyohama kidogo kidogo mpaka yakaingia kwa jirani. Namba haihami, nikajiambia.

Mzee aliyenilea kwenye kazi hii aliniachia kanuni moja tu ya maana: usiandike mkataba wa ardhi ambayo hujaikanyaga. Siku ile sikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha, ile njia ya juu ni utelezi mtupu, goti langu la kushoto lilikuwa linanisumbua, na ilikuwa Ijumaa. Sababu zote hizo ni za kweli na hazinisaidii kitu. Kwenye stakabadhi niliandika "kukagua eneo na kuandaa mkataba", kwa kuwa ndivyo stakabadhi zangu zote zinavyoandikwa. Mama aliikunja yake vizuri, akaiweka ndani ya pochi, akanishukuru sana.

Miaka miwili baadaye mnunuzi alipanda ngazi zangu akiwa na mchoro wa mpimaji. Alikuwa anatafuta hati ili aanze kujenga, akaleta mtu wa vipimo na mashine zake, na mashine zikasema kutoka barabarani hadi kwenye masale ni mita thelathini na moja.

"Mzee wangu, nimepigwa," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Nimelipia hamsini, nimepewa thelathini na moja."

"Ulilipia hatua," nikamwambia.

"Na hatua ni nini? Hatua si ndiyo mita? Muulize dalali yeyote hapo chini."

Alikuwa anasema kweli, ila ni kweli ya mjini. Mjini dalali ndiye anayekanyaga, anarusha mguu mbele kama anayeruka dimbwi, na watu wamezoea kwamba hatua na mita ni kitu kimoja. Mlimani sivyo. Mlimani anayetoa ardhi ndiye anayeikanyaga, kwa mguu wake mwenyewe na mwendo wake wa siku zote, na mashahidi wanamfuata nyuma wakihesabu. Hatua ni za mwenye shamba, ndivyo wanavyosema. Mama alikuwa ameikanyaga ardhi yake kwa mguu wa mwanamke wa miaka sabini na kitu, akipanda mteremko. Mimi nimezaliwa mlima huohuo na nimezeekea mjini. Mila zote mbili nazijua. Na bado sikuuliza ni mguu wa nani.

Mnunuzi alitaka moja kati ya mawili: aongezewe mita kumi na tisa, au arudishiwe milioni saba na laki sita. Hela hazikuwepo, zilikuwa ndani ya paja la binti, chuma na skrubu zake. Na juu ya masale, kama mnunuzi angesogezwa, kulikuwa na jiko la mama, halafu makaburi matatu, halafu nyumba yenyewe. Nilichukua rula nikapima kwenye ule mchoro. Mita kumi na tisa zingemeza jiko na makaburi yote matatu, na mpaka ungepita mbele ya mlango wa nyumba, karibu na kizingiti. Mama angekuwa anatoka ndani na kukanyaga ardhi ya mtu.

Shauri likaenda Baraza la Kata kusuluhishwa. Niliitwa kama mwandishi wa mkataba, nije nifafanue kipengele cha bei. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alifungua kikao kwa sala ndefu kidogo. Mnunuzi alikaa upande mmoja. Mama alikaa upande wa pili na binti yake, ambaye sasa alikuwa anatembea, anachechemea lakini anatembea.

"Wakili, tusomee," mwenyekiti akasema.

Nikasoma. Ndipo nikaanza kufafanua, na hapo ndugu yangu nilifafanua kweli. Nikasema kipengele kinaweza kusomwa kwa njia tatu. Ya kwanza, bei inafuata hatua, na hatua ni mita, kwa hiyo mnunuzi amepunjwa. Ya pili, bei inafuata hatua, na hatua ni za muuzaji kwa mila ya mahali, kwa hiyo kila mtu amepata chake. Ya tatu, bei ni jumla ya milioni ishirini kwa kipande walichoonyeshana, na hatua ni maelezo tu. Niliongea kwa dakika nyingi. Wajumbe walinitazama kwa subira, wamezoea mahubiri.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa wewe mwenyewe ulipokwenda kule shambani, uliona hatua za nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, sikwenda. Nikaona muhuri wangu pale juu ya karatasi, nikaikumbuka ile stakabadhi, nikawaona wajumbe saba ambao kila mmoja ana shamba na kila mmoja ana ndugu wa kuuza au kununua.

"Kipimo kilitolewa na muuzaji mwenyewe," nikasema. "Mimi niliandika nilichoambiwa."

Jibu hilo ni baya kuliko uongo wa wazi. Mama alikuwa ameniambia masale, kwa mdomo wake, na mimi ndiye niliyeyaacha. Sasa nilikuwa nimelirusha kosa miguuni pake, kwamba bibi kizee alihesabu vibaya, wakili afanye nini. Mnunuzi akatikisa kichwa kukubali. Binti akamgeukia mama yake. Mama akanitazama kidogo, si kwa ukali, halafu akaangalia mikono yake. Nilijiona takataka, na niliendelea kukaa pale na tai yangu shingoni.

Wajumbe wakanong'onezana, kisha mwenyekiti akasema, "Usiandikie mate na wino ungalipo. Mwenye mguu yupo hai, na shamba lipo. Alhamisi tukutane kule, akanyage tena mbele yetu sote, na mnunuzi naye ahesabu kwa mdomo wake."

Mnunuzi akakubali. Mama akauliza kama ni lazima iwe asubuhi, kwa sababu asubuhi nyonga yake huwa nzito. Wakapanga saa nane mchana.

Siku zile tatu za kungoja sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa nahesabu. Zile hamsini zikifika kwenye masale, basi maneno ya mama yatakuwa yamethibitika, baraza litashika mila, na jiko litapona na makaburi yatapona. Nami nitapona, maana hakuna atakayerudi kuuliza nani alikwenda na nani hakwenda. Niliomba Mungu kwa ajili ya miguu ya yule mama. Nusu ya sala ilikuwa kwa ajili yangu, na Yeye alijua ni nusu ipi.

Alhamisi nikapanda. Kutoka Tengeru nilichukua bodaboda mpaka kanisani, halafu kwa mguu, kwa sababu dereva alikataa tope. Kulikuwa na ukungu, mlima hauonekani, baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa. Shamba nililoliuza kwa karatasi ndiyo kwanza naliona. Lilikuwa zuri. Migomba ilikuwa imetunzwa hata kwenye kile kipande kilichouzwa, kwa sababu mnunuzi hakuwa amejenga bado na mama hakuweza kuona migomba inaliwa na magugu ati kwa kuwa si yake tena.

Mama alitoka akiwa na fimbo. Barazani alikuwa amekaa muda wote, kwa hiyo sikuwa nimemwona akitembea. Nilimtazama anavyoshuka kwenda barabarani. Ile miaka miwili ya kwenda na kurudi hospitali, ya kumwinua binti na kumlaza, ilikuwa imemla nyonga. Alikuwa anavuta mguu wa kulia. Nikajisemea, kwisha habari yetu.

Alisimama ukingoni mwa barabara, akavua kandambili, akaanza kupanda. Mwenyekiti na mnunuzi walimfuata wakihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Wajumbe pembeni, binti nyuma, mimi nyuma ya binti. Alipofika ishirini alipumzika, akashika mgomba, akaendelea. Thelathini. Nilikuwa nayaona masale kule juu, mstari wa kijani safi, na nilikuwa najua tayari. Arobaini. Mnunuzi naye alikuwa amejua, maana sauti yake ya kuhesabu ilianza kuwa ndogo.

Hamsini iliishia katikati ya mibuni. Kutoka pale hadi kwenye masale kulikuwa kama mita sita hivi.

Hapo ndipo akili yangu ya uwakili ilipozinduka, maana mbwa hasahau mfupa. Hatua ni za mwenye shamba. Mkataba unasema hamsini. Hamsini zimeishia hapa, mbele ya baraza, na mnunuzi mwenyewe amezihesabu. Kwa kipengele changu mimi, kikisomwa kwa mila ya mlima, mama hakuwa na deni la mtu, na juu ya hayo zile mita sita za mbele zilikuwa bado zake. Bei ileile, ardhi pungufu. Nikaona ndiyo njia ya kulipa dhambi yangu bila kuitaja. Nikakohoa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "kwa mujibu wa kipengele cha bei, mpaka sasa unaonekana kuwa hapa tuliposimama."

Mnunuzi alinigeukia, uso umempauka. Mwenyekiti akaitazama karatasi, kisha akautazama mguu wa mama, na akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu, maana kwa mila nilikuwa sahihi.

"Ngoja kwanza," mama akasema. Alikuwa anahema. "Mbona mmesimama? Sijafika."

Akainua mguu. Mwenyekiti akasita, halafu akahesabu. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Mnunuzi hakuhesabu tena, alikuwa anamfuata tu. Kwenye hamsini na saba mama alitaka kuanguka, na aliyemdaka kiwiko alikuwa mnunuzi. Hakumwachia mpaka juu. Sitini na mbili, akashika jani la sale.

"Nilimuuzia mpaka hapa," akasema. "Siku ile zilikuwa hamsini. Miguu ndiyo imepungua, shamba halijapungua."

Mnunuzi alikuwa amesimama anaangalia ng'ambo ya masale. Jiko lilikuwa hapo hapo, karibu kuliko lilivyoonekana kwenye mchoro, linatoa moshi, na nyuma yake kulikuwa na misalaba mitatu ya saruji iliyopakwa chokaa.

"Mama, pale wamelala akina nani?"

"Baba yao. Na wanangu wawili."

"Hukuniambia."

"Nikuambie ya nini? Huko sikukuuzia."

Akavua kofia, akaishika. Kisha akasema na mwenyekiti, si na mimi, kwamba yeye hadai tena kitu, iandikwe kama mama alivyosema. Halafu ndipo akanigeukia.

"Na safari hii, wakili, andika ukiwa umesimama hapahapa."

Nikaandika, karatasi juu ya ndoo ya kahawa iliyogeuzwa: bei ni shilingi milioni ishirini kwa kipande chote, kuanzia barabarani hadi mstari wa masale, kiwe na urefu wowote utakaopimwa. Mstari mmoja. Mtoto wa shule angeuandika. Wakasaini, wajumbe wakasaini, na binti akawakaribisha wote ndani wakanywe chai. Mama alibaki nyuma, amekaa juu ya gogo, anasugua nyonga.

"Karatasi hii ni shilingi ngapi?" akaniuliza.

Nilimwambia sidai kitu. Akasema mtu hafanyi kazi bure, na mkono wake ulikuwa tayari unaitafuta pochi. Nikashindwa kuendelea kuficha. Nilichuchumaa mbele yake, goti na maumivu yake.

"Mama, ile ya kwanza niliiandika bila kufika huku. Uliniambia masale, nikayaacha. Na pale barazani nikakutupia wewe lawama."

"Najua," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, na mwenyekiti alikuwa ameuliza waziwazi, na yeye alikuwa karibu kupoteza jiko na makaburi. Alinitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Ningesema hukufika, nani angekuletea karatasi tena? Mimi wangenichukulia jiko, ningepika nje. Wale waliolala wangebaki wamelala. Wewe mwanangu una jina tu."

Akanyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, tukaingia ndani. Walikuwa wamenipa kiti karibu na mnunuzi, na chai ilikuwa imeshamiminwa. Nilishika kikombe mpaka kikapoa.